Maji ya Achari

Wendell Thayer alipokwenda kunyolewa kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, Odette Lussier alimfunga shuka shingoni, akamtazama kwenye kioo, akamwambia hakuna cha kunyoa.

"Basi nipunguzie masikioni," alisema Wendell.

"Masikioni nilipunguza wiki iliyopita."

"Basi niache nikae tu. Kiti nitakilipia."

Ndivyo ilivyoanza, mwezi wa Oktoba, katika saluni ya viti viwili karibu na posta. Wanaume wa milima ile ya kaskazini mwa Vermont hawajui kutongoza, na Wendell hakuwa na nafuu kuliko wenzake. Alikuwa mrefu, mikono imejaa makovu ya kuni, na alikuwa na mazoea ya kumtazama Odette kwenye kioo badala ya kumgeukia, akidhani huko haonekani. Alikuwa akionekana vizuri sana. Odette aliyapenda macho yale kuliko alivyokusudia, kwa sababu yalimtazama bila kumkagua.

Kukaguliwa alikuwa amekuchoka. Miaka michache nyuma, ngozi yake ilianza kuwa nyeusi kwenye vifundo vya vidole na kwenye kila kovu la mkasi, wateja wakimsifu kwamba amekwenda kuota jua Florida, naye wakati huo alikuwa hawezi hata kupanda ngazi za nyumba yake bila kukaa katikati. Alikonda. Akawa analamba chumvi kiganjani. Siku alipoanguka saluni, hospitali wakamwambia kwamba tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo zimekufa, na kwamba tezi hizo ndizo zinazoupa mwili uwezo wa kuhimili homa, jeraha, hofu, hata furaha ikizidi. Tangu hapo uwezo huo aliumeza kwa vidonge kila siku, na ataumeza mpaka mwisho wa maisha yake. Akiumwa, anaongeza. Akivitapika, anajidunga sindano na kukimbilia hospitali. Asipofanya hivyo anakufa, na hafi polepole.

Ugonjwa wenyewe aliuzoea. Watu ndio waliomshinda. Mama yake alianza kila simu kwa "Umemeza?" Dada yake alimpokonya mtoto mchanga mikononi asije akaanguka naye. Mchumba wake wa zamani, mtu mwema kabisa, alikuwa akiamka usiku kumsikiliza kama anapumua, na mwisho akasema hawezi tena, akapakia nguo zake huku analia. Odette hakumlaumu. Aliapa tu kwamba akija mwingine, atamjua Odette kwanza, na mgonjwa atamjua baadaye.

Sasa ilikuwa Machi na hiyo baadaye ilikuwa haijafika. Vidonge, Wendell aliambiwa ni vya mzio. Bangili ya chuma iliyoandikwa jina la ugonjwa, aliambiwa ni ya marehemu shangazi, na siku nyingi ilikaa chini kabisa ya mkoba.

Jumapili ile ya Machi utomvu ulikuwa umefunguka. Usiku barafu, mchana jua, na miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake mtamu hupikwa ukawa shira, kila mahali ikidondosha. Kina Thayer walikuwa na desturi yao, kama familia zote za huko zinazopika shira: siku ya kwanza ya utomvu mwingi, huwaalika watu kwenye kibanda cha kupikia. Theluji safi hushindiliwa kwenye bakuli, shira ya moto humwagwa juu yake, nayo hugandamana ikawa ya kuvutika, ikaliwa kwa uma. Pembeni huwekwa donati na matango ya achari, makali, ya kukata utamu ili mtu aweze kuanza upya.

"Mama atakuwepo," Wendell alikuwa amemwambia, akikaza macho kwenye kioo.

Kwa mwanamume wa kule, hayo ni karibu sawa na kupiga goti.

Asubuhi ya siku hiyo Odette alitapika. Vidonge vikatoka navyo. Alimeza vingine, vikakaa kidogo, vikatoka. Kanuni aliijua, yeye ndiye aliyemfundisha mama yake na dada yake. Lakini alikaa ukingoni mwa bafu akamfikiria Verna Thayer, mjane, aliyemlea mwanawe kwa maneno machache na kazi nyingi. Akajiona anapiga simu kusema haji, siku ya kwanza ya kuitwa. Akanawa uso.

"Si mbaya sana," aliuambia uso wake.

Hivyo ndivyo wanavyojibu watu wa huko. Aliyekatwa kidole na msumeno husema si mbaya sana. Anayetoka kuzika husema si mbaya sana. Ukisema una hali mbaya umemtwisha mwenzako mzigo, naye ana ng'ombe wanamngoja. Wote wameumbwa hivyo, na wanajisifia.

Kibanda kilijaa mvuke. Katikati, juu ya tanuru la kuni, lilikaa karai la bati, pana na refu kupita kitanda, utomvu ukichemka ndani yake kwa kelele. Wendell alikuwa amesimama mbele yake na upawa mkononi, na hapo alipo ndipo atakapokuwa mpaka moto ufe. Karai halipewi mgongo. Shira ikishuka chini kidogo tu, huungua, na bati huungua nayo, na msimu umekwisha. Wendell alimwona Odette akiingia, akainua upawa kidogo kumsalimia, masikio yakamwiva kwa haya.

Verna alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti la marehemu mumewe, mikono imekunjwa mara mbili.

"Wewe ndiye kinyozi," alisema.

"Ndiye mimi, Bi Verna."

"Mwanangu mwaka huu ana kichwa safi kuliko mchungaji. Karibu. Kula."

Odette aligusa shira kwa ncha ya uma, akauweka uma chini. Tango akaliweza. Akala la pili. Mwili ulikuwa ukiidai chumvi kama unavyodai hewa, na alipokwisha kula la nne hakuona aibu tena. Alijibanza nyuma ya rundo la kuni na chupa yenyewe, akaiinua kwa mikono miwili, akayanywa maji ya achari.

"Hayo kwa kawaida tunayamwaga," ilisema sauti.

Odette aliishusha chupa. Kidevu kilikuwa kimelowa. "Samahani, Bi Verna."

"Maliza. Mimi kwa Wendell nilikuwa nakula chaki." Verna aliegemea kuni. "Una miezi mingapi?"

"Miezi mingapi ya nini?"

"Mimi mtu mzima, binti. Umeingia umepauka, shira umeisukuma, matango umeyafagia, sasa unakunywa maji yake. Nimezaa watatu."

"Sina mimba."

"Basi una nini?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Alichotakiwa kufanya ni kuingia tu. Odette alimtazama yule mama, uso wake mkavu usio na ubaya, akafungua mdomo, na yale yale yakatoka.

"Niko sawa. Si mbaya sana."

Verna alitikisa kichwa. "Nisikilize. Sina neno na mtoto, mtoto ni baraka. Neno langu ni hili. Mke wa kwanza wa Wendell, kila nikimuuliza habari, si mbaya sana. Krismasi, si mbaya sana. Pasaka, si mbaya sana. Siku moja akapakia gari mpaka kioo cha nyuma hakionekani, akaenda zake Boston. Mwanangu alibaki hapo hapo alipo, anakoroga. Sitaki mwingine wa kufichaficha humu ndani. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

"Bi Verna, tafadhali. Hakuna mtoto."

Lakini koti lilikuwa limekwisha geuka. Miguu ya Odette haikuweza kulifuata kwa haraka. Aliona tu, kupitia mvuke, Verna akijinyoosha kumfikia mwanawe sikioni, na Wendell akiinama.

Kisha Wendell aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alimtazama moja kwa moja, bila kioo, mbele ya watu wote, na furaha iliyokuwa kwenye uso ule Odette hakuwahi kuiona kwa mtu yeyote kwa ajili yake. Iliuma kuliko tumbo. Wendell alimwita kwa kidole, kwa kuwa hakuweza kuondoka, naye akaenda akishikilia ukuta.

"Mama kaniambia," alisema Wendell kwa sauti ya chini.

"Mama yako amekosea."

"Mimi sijakasirika. Usiogope kitu. Kile chumba cha upande wa jua, nilikuwa nafikiria kukipaka rangi hata kabla. Nilikuwa sijui nikuambieje. Njano, au unaonaje?"

"Wendell, hakuna mtoto."

Upawa uliendelea kwenda na kurudi.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna. Ni ugonjwa. Ninao tangu kabla sijakujua."

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache, kwa sauti kavu, jinsi ambavyo angemweleza mteja dawa ya mba: tezi, vidonge, chumvi, sindano. Wendell alisikiliza macho yakiwa kwenye karai, na Odette hakujua kama ni kwa sababu ya shira au kwa sababu hataki kumtazama.

"Vile vya mzio," alisema Wendell mwishoni.

"Si vya mzio."

"Na bangili ya shangazi."

"Sina shangazi aliyekufa."

"Nilimwombea huyo shangazi." Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Januari nilikupandisha mlima kwa viatu vya theluji. Ukakaa juu ya gogo. Nikakuuliza una nini. Ulinijibu nini?"

"Unajua nilivyokujibu."

"Nataka nikusikie."

"Nilisema si mbaya sana."

"Ungenifia pale, Odette. Ungenifia pale na mimi nimesimama nakuonyesha nyayo za kulungu."

"Nilitaka uendelee kunitazama."

"Kukutazama vipi? Nakutazama tangu Oktoba, sina kazi nyingine."

"Vile vya kwenye kioo. Ukishajua, hayo yanakwisha. Utaanza kuniuliza nimemeza, nimelala, mbona nimepauka. Nitakuwa kazi yako. Nimeyaona, Wendell, yalinitoka mikononi hivi hivi, na yule mchumba wangu wa zamani alikuwa ananipenda."

"Huyo alikuwa yeye. Mimi umenihukumu na sijakosa bado." Sauti yake haikupanda, lakini upawa uligonga ukingo wa karai. "Umeniacha nipike chai, nipasue kuni, nifikirie rangi ya chumba, na ukweli unaujua peke yako. Ningeshindwa, ningeshindwa. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Maneno yalikuwa ya haki, na sakafu ilikuwa imeanza kuinama upande mmoja.

"Na leo?" aliuliza Wendell. "Leo una hali gani?"

Alikuwa ameulizwa waziwazi, na mtu aliyempenda, mkoba wenye sindano ukiwa umetundikwa kwenye msumari hatua chache tu kutoka hapo. Hata hivyo alikuwa mtoto wa milima ile, na sasa alikuwa na kiburi cha kuumizwa juu ya hayo.

"Si mbaya sana," alisema.

"Basi kakae," alisema Wendell, akaligeukia karai. "Moto ukifa tutazungumza."

Wote wawili walikuwa wamekosea, kila mmoja kwa ile njia waliyofunzwa. Odette aligeuka kwenda kukaa, akafika kwenye rundo la kuni tu. Hakulia wala hakuita. Aliteleza tu chini na magogo mawili yakaanguka naye.

Wendell aliuachia upawa ukazama ndani ya shira. Alikuwa amekwisha piga magoti kabla mtu mwingine hajasogea.

"Odette. Odette, nitazame."

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, midomo ikitetemeka. "Mkoba," alisema. "Kifuko chekundu."

Akauleta. Ndani mlikuwa na kichupa chenye unga chini na maji juu, na bomba la sindano.

"Bonyeza juu, vichanganyike. Kwa nguvu. Sasa tikisa. Ivute yote."

"Mikono inanitetemeka."

"Iache itetemeke. Pajani, ubavuni mwa paja. Pitisha kwenye suruali."

"Juu ya suruali?"

"Wendell, choma."

Nyuma yake sauti ya karai ilikuwa imebadilika. Kila mtu mle ndani aliijua sauti ile, kwa sababu wote walikuwa wameonywa juu yake tangu utotoni. Wendell hakugeuka, lakini alisema, "Mama, karai."

Verna alikuwa amesimama kati ya moto na wale wawili. Marehemu mumewe alipougua kifua aliletewa chakula pale pale mbele ya karai, na yeye mwenyewe aliwahi kushikwa na uchungu wa uzazi akiwa na upawa mkononi, akamaliza moto kwanza. Hilo alipenda kulisimulia. Sasa alilitazama karai mara moja.

"Liache liungue," alisema.

Akaketi kwenye sakafu yenye tope, akakiweka kichwa cha Odette mapajani, akamfunika kwa koti la mumewe. Wendell akachoma. Harufu ya sukari iliyoungua ikajaa kibanda, kisha moshi mweusi, kisha bati likapiga kishindo na kupasuka.

Gari la wagonjwa lilikuja na Roland, fundi bomba wa kijijini aliyekuwa akijitolea siku za mapumziko. Aliinama juu ya machela.

"Odette, habari yako?"

Odette alifungua macho. "Si mbaya sana."

"Muongo huyo," alisema Verna. "Alikuwa anakufa hapa. Pakia."

Asubuhi iliyofuata maji ya chumvi yalikuwa yakiingia mkononi mwake kwa mrija, na daktari alikuwa amekwisha mwambia kwamba sindano ile ndiyo iliyomfikisha hospitali akiwa hai. Odette alilala akiutazama mlango. Ukutani juu ya beseni palikuwa na kioo, na ndani ya kioo alijiona: nywele zimeshikana, bangili imerudi mkononi, nje ya mkono wa gauni, kila mtu aione. Sasa wote wanajua. Alijiandaa kwa swali, lile la "Umemeza?" Alijua hata sauti yake itakavyokuwa, ile sauti ya chini ya watu wanaoingia chumba cha mgonjwa.

Wendell aliingia ananuka moshi. Kwapani alikuwa na chupa.

"Kutoka kwa Mama," alisema, akaiweka mezani. Ilikuwa chupa ya achari, imejaa maji tupu. "Matango amekula yeye. Amesema wewe unataka maji."

"Amesema nini kingine?"

"Amesema ukificha tena kitu, atakufukuza mwenyewe kwa fagio. Halafu akaniuliza unapenda donati za aina gani."

Odette alikaribia kucheka. "Karai?"

"Limekufa."

"Lilikuwa la babu yako."

"Babu naye alikufa." Alisimama katikati ya chumba na koti lake na viatu vyake vya tope, hajui aweke wapi mikono. "Utomvu unamwagikia chini tu. Jirani anachukua anaoweza. Itabidi mwaka huu niwe na nafasi."

Wendell aliangalia mrija, akaangalia vidonge kwenye kikombe cha karatasi kando ya kitanda, na Odette akaona jinsi alivyoviona. Akafumba macho. Haya, aliwaza. Uliza.

Halikuja. Alipofumbua, Wendell alikuwa ameinua uso kwenye kile kioo juu ya beseni na alikuwa akimtazama humo, vile vile, kwa ile haya ya Oktoba, masikio yamemwiva. Kisha akageuka. Ilimgharimu, ilionekana. Akamtazama usoni.

"Una hali gani?" alisema.

Ni swali ambalo Odette alikuwa ameulizwa kila siku ya maisha yake, na jibu lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Mbaya," alisema. Neno lilikuwa geni mdomoni. "Kichwa kinapasuka. Miguu siisikii kama yangu. Ninaogopa, na nimekasirika kwamba ninaogopa. Na nilivyoiona furaha yako jana, Wendell, nilitamani mama yako angekuwa amesema kweli."

Wendell hakumwambia pole, wala hakumwambia atapona. Alivua koti akalitundika. Kisha akaketi kwenye kiti, akaanza kufungua kamba za viatu, kwanza kimoja, halafu kingine, akavipanga karibu na mlango. Kule kwao mgeni havui viatu mpaka awe amekuja kukaa.

Akarudi akiwa na soksi tu miguuni, akakivuta kiti mpaka kikagusa kitanda.

"Endelea," alisema.